Majuto, Maungamo na Malipizi

Katika mafundisho ya dini ambayo watoto wa Kikatoliki wa Mtwara, Ndanda na Mikindani hupewa kabla ya komunio ya kwanza, hapana somo linalokaririwa zaidi ya lile la Kitubio. Mwenye kutaka kuondolewa dhambi hapana budi atimize mambo matatu: ajute moyoni, aungame kwa kinywa, kisha afanye malipizi kwa vitendo. Mambo hayo matatu ni kama mafiga ya jiko: moja likiondolewa, chungu hakikai. Mtoto aliyeiba embe la jirani huambiwa waziwazi kwamba kusikitika hakutoshi, na kumnong'oneza padri hakutoshi. Embe lirudishwe, au thamani yake.

Kusudi la makala hii ni kuyachukua maneno hayo matatu, yaliyo mali ya Kanisa lenyewe, na kuyafanya mizani ya kupimia maandishi yaliyotoka pale Kanisa lilipotakiwa kujibu juu ya watoto waliodhulumiwa na mapadri wake. Maandishi hayo ni ya namna tatu: ushuhuda wa aliyedhulumiwa, barua ya radhi, na tanzia. Kila namna ina desturi zake, na katika desturi hizo ndimo ukweli husemwa au hufichwa.

Yafaa kuanza na ushuhuda, kwa kuwa Kanisa katika pwani hii ndilo lililokuwa mlezi wake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipanda kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakakaa Masasi. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya misheni hiyo huko Unguja, ambao wengine wao walikuwa Wayao na Wamakua wa nchi za Ruvuma. Humo mtoto husema kwao ni wapi, jinsi alivyotekwa, jinsi alivyouzwa na jinsi alivyofika pwani. Hakuulizwa mbona amekawia kusema, wala hakuambiwa kwamba anawavunjia heshima wakubwa. Neno lake lilipokewa, likafasiriwa kwa Kiingereza, likasomwa Ulaya kama hoja ya kushinda. Basi haiwezi kusemwa kwamba Kanisa halikujua thamani ya neno la mtoto. Lililijua sana, maadam mshtakiwa alikuwa mtu mwingine.

Mshtakiwa alipokuwa wa nyumbani, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka ule ule wa 1876 Kanisa la Scotland lilianzisha misheni ya Blantyre, kusini-magharibi ya nchi hizi, karibu na Wayao. Huko wamisionari walijitwalia madaraka ya kuhukumu. Watu wakachapwa viboko vikali, na mtu aliyeshtakiwa kwa uuaji akauawa kwa amri ya misheni. Mwaka 1880 msafiri Andrew Chirnside akayatangaza mambo hayo katika kijitabu. Kwa insafu yapasa kukiri kwamba Kanisa hilo halikunyamaza: lilituma wachunguzi, na mwaka 1881 Mchungaji Duff Macdonald akaondolewa kazini. Lakini atazame msomaji kilichobaki katika maktaba. Macdonald alitoa kitabu chake, Africana, mwaka 1882, nacho chasomwa na wanavyuoni hata leo. Chirnside ana kijitabu chake. Waliochapwa hawana hata ukurasa mmoja walioandika wenyewe. Adhabu ilitolewa, wala waliodhulumiwa hawakupata nafasi ya kusema.

Kisa kilicho dhahiri zaidi katika nchi ya Tanzania ni kile cha shule ya Mtakatifu Mikaeli, Soni, katika milima ya Usambara, iliyokuwa mikononi mwa mapadri Warosmini. Shule hiyo ya bweni ilisomesha hasa wana wa Wazungu waliokuwa wakifanya kazi katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 baadhi ya mapadri waliwapiga na kuwanajisi watoto waliokabidhiwa. Waliodhulumiwa walikaa kimya hadi walipokuwa watu wazima wenye mvi. Ndipo walipotafutana, wakaandikiana, wakagundua kwamba kila mmoja aliibeba peke yake siri iliyokuwa ya wengi. Waliliandikia shirika. Mwaka 2011 watu 22, wa Soni na wa shule nyingine ya shirika hilo huko Uingereza, walikuwa wakidai haki kwa njia ya sheria, na mwezi wa Juni mwaka huo televisheni ya BBC ikaonyesha filamu ya Olenka Frenkiel juu ya habari yao.

Miongoni mwa waliotajwa alikuwamo Padri Kit Cunningham, ambaye baada ya Soni alikuwa kwa miaka mingi mkuu wa kanisa la Mtakatifu Etheldreda huko London, rafiki wa waandishi na wakubwa, mwenye nishani ya MBE. Kabla ya kufa aliwaandikia radhi watu aliowadhulumu, akairudisha nishani. Alikufa Desemba 2010. Magazeti yakatoa tanzia za kumsifu kwa ukarimu wake na ucheshi wake. Mambo ya Soni hayakutajwa. Waumini wake waliyajua miezi kadhaa baadaye. Mwandishi Mkatoliki Peter Stanford, aliyekuwa rafiki yake, alilazimika kuandika upya, mbele ya watu, juu ya mtu aliyedhani kwamba anamjua.

Hapa ndipo mizani ifaapo kutumika. Majuto yalikuwapo, mtu hairudishi nishani yake bila ya jambo kumchoma moyo. Maungamo yalikuwapo pia, lakini kwa barua za siri. Barua ya siri ina mwandikaji mmoja na msomaji mmoja. Humpa mwandikaji nafasi ya kuutua mzigo wake, na kumwachia msomaji kazi ya kuutunza. Kosa lilitendwa chini ya jina la shule, la shirika na la Kanisa. Maungamo yake yakawa ya mtu na mtu. Tanzia ikakamilisha kazi hiyo. Msomaji wa magazeti aliusoma wema wote wa marehemu, na aliyedhulumiwa akausoma pamoja naye, akajua kwamba radhi aliyopewa faraghani imefutwa hadharani.

Watetezi wa ukimya wana hoja mbili zisizofaa kudharauliwa. Ya kwanza ni kwamba maiti hajibu, na kumshtaki asiyeweza kujitetea ni dhuluma. Hoja hii ina nguvu pale shutuma inaposimama peke yake. Haina nguvu pale mwenyewe alipokiri angali hai. Ya pili ni ya sitara. Watu wa pwani wanaithamini sitara kuliko watu wengi, na aibu ya nyumba haianikwi barabarani. Lakini sitara katika asili yake ni nguo ya kumvika aliye uchi, na katika mambo haya aliyevuliwa nguo ni mtoto. Kumvika aliyemvua, na kumwacha mtoto katika baridi, hakuwezi kuitwa kwa jina hilo. Tena wahenga walikwisha sema: mficha uchi hazai. Kanisa lililoficha halikuzaa hata imani liliyotaka kuilinda.

Kuna jambo jingine ambalo mhakiki hawezi kulipita. Waliosema habari ya Soni walikuwa wana wa Wazungu, wenye lugha ya mahakama za Uingereza, mawakili, na rafiki katika magazeti. Nchini Kenya Askofu Cornelius Schilder wa Ngong aliacha uaskofu mwaka 2009. Mwaka 2011 tu ndipo ilipotangazwa huko Ulaya, na shirika lake la Mill Hill likathibitisha, kwamba aliondolewa katika kazi za upadri kwa sababu ya kumdhulumu kijana wa Kimaasai. Waumini wa Ngong waliokuwa wakimbusu pete walipata habari yao kutoka nchi ya mbali. Ushuhuda wa mtoto wa Kiafrika, ambao mwaka 1887 ulichapishwa upesi dhidi ya wauza watu, ulihitaji njia ndefu zaidi ulipomwelekea askofu.

Yamebaki malipizi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Papa Francis alitoa mwaka 2019 amri ya Vos estis lux mundi, akaithibitisha iwe ya kudumu mwaka 2023, kwamba kila padri na mtawa anayejua uovu huo autoe taarifa. Ni hatua kubwa. Lakini taarifa hiyo hupelekwa kwanza kwa wakuu wa Kanisa, na kesi ya nyani hakimu wake hafai kuwa ngedere. Malipizi kwa maana ile ile afundishwayo mtoto wa Mikindani ni kurudisha kilichochukuliwa. Utoto haurudishiki. Vinavyorudishika ni vitatu: gharama ya matibabu na maisha yaliyoharibika, kumbukumbu zilizofungiwa makabatini, na neno la aliyedhulumiwa, liandikwe kwa jina la Kanisa na kusomwa mahali pale pale palipomsifu mkosaji. Padri humwambia mtoto aliyeiba embe alirudishe kwa mwenyewe, mchana, kwa mkono wake. Hajapata kumwambia alitupe usiku juu ya ua, kisha akimbie.