Robert Kirk, Mchungaji wa Aberfoyle, na Kitabu Chake

Wamtajao Robert Kirk siku hizi humtaja zaidi kwa ajili ya kifo chake. Mwaka 1692 alianguka akafa penye kilima kimoja cha Aberfoyle, huko Uskoti. Baadaye watu wakanena kwamba hakufa, bali amechukuliwa na watu wa kilimani kwa kuwa alitoa siri zao. Hadithi hii ni tamu, lakini imemdhulumu, maana imeifunika kazi yake.

Alikuwa mchungaji wa Balquhidder tangu 1664, kisha wa Aberfoyle tangu 1685. Mwaka 1684 alitoa Zaburi kwa Kigaeli, lugha ya watu wa milimani. Tena alikwenda London kuisimamia Biblia ya Kiayalandi, ipigwe chapa kwa herufi za Kirumi. Ilitoka 1690, naye akaiongezea orodha ya maneno yaliyokuwa mageni kwa Waskoti. Agano Jipya katika Kigaeli cha Uskoti chenyewe halikutoka ila mwaka 1767.

Kitabu chake kijulikanacho, The Secret Commonwealth, hakikupigwa chapa hata 1815. Humo aeleza habari za viumbe wasioonekana, na za watu wasemwao kuwa na macho ya kuwaona. Asema kwamba atakaye kuona hutazama juu ya bega la kuume la mwonaji, naye mwonaji humwekea mkono kichwani. Asema pia kwamba viumbe hao huhama kila robo ya mwaka. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya robo watu hawakosi kanisani, wapate kujikinga wao na mazao na mifugo yao, kisha hawaonekani tena mpaka robo nyingine. Mchungaji kuandika hivi juu ya kanisa, bila kuficha, si jambo dogo. Na hapo ndipo tumwaminipo.

Lakini mara nyingi huacha kusimulia, akaanza kushindana na wasiomwamini Mungu. Hapo hatujui tena lipi ni neno la wazee na lipi ni lake. Tena aliandika kwa Kiingereza, na maneno ya wenyewe ni machache. Ametuhifadhia jina Sleagh Maith, yaani Watu Wema, akaeleza kuwa watu humbariki wamwogopaye, asije akawadhuru. Kwa majina ishirini ya namna hiyo tungaliziacha kwa furaha hoja zake zote.