Chapa si Nembo

Baadhi ya waandishi wa biashara hutumia "nembo" na "chapa" kana kwamba maana yake ni moja. Hatukubaliani nao. Tutazame vijiti vya mwelekeo, ambavyo mchezaji wa gofu huvilaza chini ajue kama miguu na mabega vimeelekea shabaha. Kijiti chenyewe ni ufito wa fibaglasi, sawa na ule unaosimikwa Marekani kuonyesha ukingo wa njia wakati wa theluji. Nembo huchorwa kwa siku moja. Chapa hujengwa na imani ya mnunuzi. Muuzaji wa bei nafuu akiambiwa "tengeneza nembo", atamlipa mchoraji na kusahau ubora. Twapendekeza: nembo ibaki alama, chapa iwe jina pamoja na sifa yake.