Fumbo la taarab likishafika ukumbini

Kuanzia Bagamoyo hadi Pangani na Tanga, wimbo wa taarab haumaliziki kwa mtunzi. Unamaliziwa ukumbini, na anayeumalizia ni mwanamke mwenye noti mkononi.

Mtazame. Ubeti unaomgusa ukifika, anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, akicheza taratibu. Hafuati njia fupi. Anazunguka hadi alipokaa mbaya wake, anaipunga noti mbele yake, kisha ndipo anapanda jukwaani. Ukumbi mzima umeshajua nani kapashwa. Mtunzi huenda hawajui wote wawili. Kelly Askew, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi na wanamuziki wa Tanga, aliieleza desturi hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2002.

Ufundi wa utunzi ndio unaoruhusu hayo. Fumbo halitaji jina, na vitenzi vyetu havisemi kama anayesemwa ni mume, wifi au jirani. Kibwagizo nacho kinarudi baada ya ubeti, kikimpa mtunzaji muda wa kuvuka ukumbi maneno yakiwa bado ya moto. Isitoshe, mara nyingi anayeimba siye aliyetunga. Msikilize Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, katika "Macho Yanacheka": utaapa kilio ni chake. Kiwe chake au kisiwe, msikilizaji ameshakifanya chake yeye.

Basi nia ya mtunzi ina kazi gani? Inafanya kazi wakati wa kutunga: ndiyo inayomfanya achague neno zito, aache tusi. Wimbo ukishatoka, nia haimkingi. Hata nje ya taarab ni hivyo: Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi, alitunga "Mambo kwa Soksi" kwa moyo mmoja, kuwahimiza watu watumie kondomu wajikinge na UKIMWI. Radio Tanzania haikuupiga.

Kwa hiyo, kumbebesha mtunzi kila ugomvi wa ukumbini ni kumwonea. Apimwe kwa alichokijenga. Nawaambia vijana wanaosomea sanaa pale TaSUBa, Bagamoyo: kabla ya kuutoa wimbo, wasikilizisheni watu watatu wasiojuana, kisha mmuulize kila mmoja anasemwa nani. Wakitaja watu watatu tofauti, fumbo limesimama. Wote wakimtaja mtu mmoja, hilo si fumbo tena. Rudini mkalitunge upya.