Kipimo kizuri, lakini kilifundishwa na damu ya nani?

Wandugu wahitimu na wanafunzi, leo nataka tujadili kazi moja ambayo watu wa biolojia na wa medesini wanaisifu sana. Mimi pia naisifu, ila nusu.

Mwaka 2021, kundi la Purvesh Khatri wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitoa katika jarida la Immunity utafiti juu ya sampuli 4,780 za damu, za watu walioambukizwa moja kati ya virusi 16, kutoka nchi 18. Ndani kulikuwa mafua, Ebola, chikungunya na Corona. Hawakutafuta virusi vyenyewe. Walisoma jinsi mwili unavyojibu: jeni gani za kinga zimewaka, zipi zimezima. Wakaona kwamba, virusi viwe vya aina gani, damu ya mtu anayezidiwa inaonyesha alama tofauti na damu ya mwenye ugonjwa mwepesi.

Hapo nawapigia makofi. Kipimo cha puani kinakupa jina la virusi tu. Lakini watu wawili wenye virusi vya jina moja, mmoja anapona kwa chai na kulala, mwingine anakosa pumzi. Muganga mwenye foleni ndefu anataka kwanza kujua nani abaki hospitali na nani arudi nyumbani. Swali ni lenyewe kabisa.

Sasa shida iko wapi? Vipimo vya namna hii vimeshatoka kwenye karatasi. Januari 2025 Marekani iliruhusu kimoja, TriVerity, kinachosoma RNA 29 ndani ya damu kwa muda wa nusu saa hivi. Kimeruhusiwa kwa watu wazima wanaofika kwenye huduma ya dharura. Watu wazima, mumesikia?

Kumbukeni Panzi, ile ya Kwango, si ya Bukavu. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba 2024, OMS ilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa watoto chini ya miaka 5. Homa, kikohozi, makamasi, mwili kuuma. Dunia ikaanza kusema "ugonjwa X". Kumbe mwishoni labo zilikuta virusi vya kawaida vya njia ya hewa, pamoja na malaria, juu ya utapiamlo. Mambo matatu ndani ya mtoto mmoja.

Damu ya mtoto huyo kipimo kitaisomaje? Malaria peke yake inapandisha CRP na kuamsha interferoni, alama ambazo vipimo vingi vya namna hii vinazitegemea. Utapiamlo nao unalegeza kinga. Basi alama kubwa inaweza kuwa ni malaria inayosema, na alama ndogo inaweza kuwa ni mwili uliochoka kujibu. Hiyo ya pili ndiyo naiogopa zaidi: mama anarudishwa nyumbani na mtoto wake, na karatasi imeandika "mwepesi".

Mtu asiseme natia chumvi. Kile kidude cha kubana kidole ili kupima oksijeni kilitumika miaka mingi bila maswali. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kinakosea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu: kinasema oksijeni iko sawa wakati imeshuka. Chombo kilichozoea miili ya wengine hakikosei kwa sauti. Kinakosea kimya kimya.

Kwa hiyo mimi sisemi tukikatae. Nasema tukipime sisi kwanza, kwa watoto, kwenye msimu wa malaria, kabla hakijaamua nani alale kitandani. Pale INRB Kinshasa watu wanajua kusoma jeni za virusi. Wanaweza kusoma pia jibu la miili yetu. Na wewe unayetafuta somo la memwari, si ndilo hili?