Kabla Mwimbaji Hajafungua Kinywa

Neno "klasiki" limetugombanisha. Ratiba ya safari yetu ya siku moja, sisi wanafunzi wa Dar kwenda Unguja, ilisema tunakwenda kufurahia "sanaa na muziki wa klasiki". Ndani ya boti washikaji wakacharuka: klasiki si ni ya akina Beethoven? Taarab si mambo ya harusini na shangazi zetu?

Mimi nabisha. Klasiki haipimwi kwa Uzungu wala kwa uzee. Ni kazi yenye utaratibu wake, mwanafunzi anaipokea kwa mwalimu, na msikilizaji aliyeizoea anaweza kusema "hapo umekosea". Kwa kipimo hicho taarab asilia imo. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mgeni alikaribishwa, akafunzwa lugha, akawa mwenyeji.

Milango ya Mji Mkongwe inasema hayohayo. Tuliona ya kichwa bapa, yenye maandishi ya Kiarabu, na ya kichwa cha tao, yenye asili ya Kihindi. Mwongozaji alitupa maana ya kila ua na kila mnyororo uliochongwa. Sawa, lakini hakutuonyesha patasi ilivyopita, wala kwa nini mfaa, ule mti wa katikati, ndio uliobeba nakshi nyingi. Tukaondoka na maana, mkono wa fundi hatukuuona.

Sasa muziki wenyewe. Kikundi kilifungua kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na maneno. Kanuni ikatangulia, fidla zikaifuata, nai ikapita juu yao. Nusu ya kundi letu ilikuwa inapiga picha. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Wataanza saa ngapi?" Walikuwa wameshaanza, jamani! Mwimbaji alipofungua kinywa ndipo ukumbi ukanyamaza, tukaanza kuchambua mashairi kama tulivyofundishwa darasani.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tumezoeshwa kutafuta ujumbe. Kisicho na ujumbe tunakiita utangulizi. Lakini bashrafu ndiyo inayoliandaa sikio: inamtembeza msikilizaji ndani ya maqamu, yaani mpangilio wa sauti, ili neno la kwanza likija lipate pa kukaa.

Wapigaji nao siwaachii. Kinanda cha umeme kilipandishwa mpaka udi ukamezwa, nyuzi tukaziona kwa macho tu. Na nyimbo zilikatwakatwa ili ziingie ndani ya saa moja ya wageni. Wimbo wa taarab una beti na viitikio. Ukiukata katikati unabaki na sampuli, kama kipande cha kitenge dukani. Lawama nyingine ni ya waandaaji wetu: saa moja ya muziki, saa mbili za kununua kanga na viungo.

Kwa nini nayaandika haya kwenye jarida la waandishi chipukizi? Kwa sababu mashairi tunayoletewa hapa yana ugonjwa uleule. Ujumbe upo tele: rushwa mbaya, mapenzi yanauma. Sauti haipo. Wengi tunajitetea kwa shairi huru, na ni haki yetu. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 mlango huo uko wazi. Ila kuacha vina kwa makusudi ni jambo moja, na kutovisikia kabisa ni jambo jingine. Aliyelisikiliza shairi la taarab kwa makini anajua mizani inakaza wapi na inalegea wapi. Akitaka kuivunja, anajua anavunja nini.

Safari ijayo napendekeza hivi: milango mitatu tu, na fundi seremala wa kutueleza. Kikundi kimoja, saa mbili, nyimbo nzima. Bashrafu ipigwe mara mbili: ya kwanza kwa wenye kamera, ya pili kwa wenye masikio. Kanga zitatusubiri.