Safari na Hatari: Nomino Zisizo na Mwenyewe katika Kitabu cha Kijerumani na Filamu ya Kimarekani

Mwaka 1920, mjini Leipzig, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha kitabu kwa ajili ya vijana wa nchi yake na kukiita Heia Safari! Mwaka 1962, kampuni ya Paramount ya Marekani ilitoa filamu ya Howard Hawks iliyopigwa picha Tanganyika, jina lake Hatari! Filamu hiyo haikutokana na kitabu hicho. Ilijengwa juu ya hadithi ya Harry Kurnitz. Hata hivyo, majina yote mawili yanategemea nomino ya Kiswahili inayofuatwa na alama ya mshangao. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kukiachia kitabu kwa wanahistoria na filamu kwa wataalamu wa sinema, kana kwamba lugha iliyoandikwa kwenye jalada na kwenye bango haiuhusu. Inauhusu sana.

Katika Kiswahili, nomino safari hudai upatanisho: safari yetu, safari ya mauti, safari ilivunjika. Upatanisho huo ndio unaotujulisha ni nani aliyesafiri na safari yake iliishiaje. Katika jina la kitabu cha Lettow, upatanisho umeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kiingizi cha Kijerumani, heia, ambacho Mswahili hakitambui. Inabaki safari isiyo ya mtu yeyote, yenye shangwe tupu.

Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi kitabu kinaposomwa kutokea Mgeta. Morogoro ilitwaliwa na majeshi ya Uingereza tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Kufikia mwisho wa mwaka huo, mto Mgeta, huko chini tambarare, ndio uliozitenganisha pande mbili. Katika maandishi ya vita, ya Kijerumani na ya Kiingereza, Mgeta ni mstari kwenye ramani: huvukwa, hulindwa, huachwa. Kwa wenyeji, Mgeta ni jina la mto unaoanzia milimani kwao na la nchi ya makonde ya mteremkoni ambako Kiluguru ndicho lugha ya nyumbani. Hakuna jeshi lililoizunguka milima ile bila wapagazi, na hakuna lililokula bila kuchukua chakula vijijini. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu. Kama safari ile ilikuwa na mwenyewe kisarufi, basi ni mpagazi aliyeibeba kichwani.

Haki itendeke: Lettow hawafichi Waafrika. Askari wamo katika maandishi yake, tena wanasifiwa kwa uaminifu. Ila sifa yenyewe hukaa ndani ya kimilikishi, yaani askari wake, na uaminifu unaosifiwa ni ule unaomrudia msifu.

Hatari! imekaribia zaidi matumizi halisi ya lugha. Neno hatari husimama peke yake kama onyo; kila aliyepita karibu na nguzo ya umeme yenye picha ya fuvu analijua hivyo. Lakini onyo huhitaji mwonyaji na mwonywaji. Katika filamu ya Hawks, kundi la wageni likiongozwa na John Wayne hukamata wanyamapori kwa ajili ya bustani za wanyama, na hatari ni ile wanayoifuata wenyewe kwa furaha ndani ya magari yaendayo kasi. Wasemaji wa lugha iliyotoa jina hilo wamewekwa kandoni, wengi wao wakiwa wasaidizi. Onyo limegeuzwa kuwa burudani.

Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Mjerumani Hardy Krüger, mzaliwa wa Berlin. Filamu ilimpeleka Momella, chini ya mlima Meru, akanunua shamba huko, na mwaka 1970 akachapisha Eine Farm in Afrika, yaani shamba moja katika Afrika. Nadharia za uhamishaji wa kazi kutoka kitabuni hadi kwenye sinema huchukulia kwamba kitabu hutangulia. Hapa sinema ya Kimarekani ndiyo iliyozaa kitabu cha Kijerumani. Nacho, katika jina lake kuu, kimeliacha hata lile neno moja la Kiswahili. Shamba liko Afrika, basi.

Lettow naye aliifikia skrini ya Kimarekani. Katika The Phantom Train of Doom, kisa cha mwaka 1993 katika mfululizo wa runinga kuhusu ujana wa Indiana Jones, yumo pamoja na mwindaji Frederick Selous. Selous halisi aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, siku tatu baada ya Waingereza kuanza mashambulizi yao ng’ambo ya Mgeta.

Lakini muda mrefu kabla Hollywood haijafika Momella, sinema ya Berlin ilikuwa na Mswahili wake. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari angali mtoto, na mwaka 1929 akahamia Berlin. Abdulrazak Gurnah amemkaribia mtu wa namna hii kupitia mhusika Ilyas katika riwaya ya Afterlives ya mwaka 2020. Katika riwaya hiyohiyo, afisa wa Kijerumani anamfundisha askari Hamza lugha yake akitaka aweze kumsoma Schiller. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini humo fasihi ya Kijerumani ina msomaji mwenye jina, atokaye pwani yetu. Husen mwenyewe aliwafundisha Wajerumani Kiswahili chuoni Berlin, huku filamu zikimpa nafasi ndogo, nyingi zikiwa za watumishi. Filamu ya Carl Peters, ambamo aliigiza, ilitoka mwaka 1941. Mwaka huohuo alikamatwa. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.