Akili kama ya binadamu: binadamu yupi?

Msomaji, kama unafuatilia habari za akili mnemba, ahadi hii umeshaisikia: karibuni tutapata akili ya jumla, mashine yenye uwezo wa kiwango cha binadamu. Wanaoahidi hawakubaliani maana yake. OpenAI, kwenye hati yake ya misingi ya mwaka 2018, inasema ni mifumo inayojiendesha na kumshinda binadamu katika sehemu kubwa ya kazi zenye thamani ya kiuchumi.

Ebu tuichukue fasili hiyo tuiteremshe nayo Mwaloni, pale Kirumba. Dagaa unaowaona kwenye magunia wamevuliwa usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mpevu taa za mvuvi hazina nguvu ya kuwavuta. Kisha wameanikwa ufukweni, juu ya mchanga au kwenye chanja. Mama anayewaanika anatazama wingu linaloinuka ziwani na kuamua: nianue sasa au niache kidogo? Akikosea, mvua inawapiga na wanaishia kuwa chakula cha kuku. Je, kazi hiyo ina thamani ya kiuchumi? Ina, tena kubwa. Lakini tazama mitihani ambayo kampuni hujisifia: hisabati, sheria, udaktari, kuandika programu. Yote ni ya maandishi. Neno "kazi" limesinyaa likawa kazi ya mezani, na hakuna aliyetuaga.

Utanikumbusha ndege zisizo na rubani. Haya. Mwaka 2018, mradi wa DHL, Wingcopter na GIZ ulipeleka dawa Ukerewe kwa ndege iliyojiendesha, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kazi safi kabisa, na mgonjwa wa kisiwani hakuhitaji ndege yenye akili ya jumla. Ndiyo shida yangu na mbio hizi: zinatufanya tudharau mashine inayojua jambo moja na kulifanya vizuri. Mwanafunzi wa Malimbe anayejiuliza kama shahada yake itakuwa na maana anatishwa na mashine ambayo hata waundaji wake hawajakubaliana ni kitu gani.

Fasili ninayoiheshimu zaidi ni ya François Chollet, ya mwaka 2019. Yeye anasema usipime ustadi, pima jinsi mtu au mashine inavyojifunza jambo jipya kwa mifano michache. Akatunga mafumbo ya miraba ya rangi, ARC. Kwa miaka mingi mashine zilihangaika nayo, hadi Desemba 2024, mfumo wa o3 wa OpenAI ulipopata asilimia 75.7. Watu wakashangilia. Machi 2025 likatoka toleo la pili, na mifumo iliyopimwa ikarudi kwenye alama za tarakimu moja, wakati mafumbo yale watu wa kawaida wanayaweza. Kwa hiyo hata kipimo kizuri kilikuwa chembamba kuliko shangwe zake. Tena miraba ya rangi haina wingu wala hasara.

Mimi ningeongeza kipimo kimoja kutoka ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Basi fikiria mashine zilizolelewa kwa maandishi ya intaneti zimekutana na Kikerewe kiasi gani. Mtoto wa Nansio anakipata kwa kumsikiliza bibi yake na majirani, kwa maneno machache mno ukilinganisha na wanayolishwa mashine, huku akichanganya na Kiswahili cha sokoni. Ipe mashine kiasi kilekile cha Kikerewe anachosikia mtoto huyo, bila kitabu kingine, halafu tuone. Inaweza kushinda. Ila hapo tutajua tumepima nini.

Na kuhusu zile kazi zenye thamani: jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Kazi yao imo kwenye hesabu ya OpenAI, au ile ni ya kusafisha njia tu?